Lugha Isiyo na Spea

Kama ungetaka kumpandisha mori Uzoamaka Ilodibe, usingehitaji kumtukania mama yake. Ungemwambia tu kwamba programu zake angeziandika kwa Java kama watu wote. Hapo ungemwona mama wa watu, mpole, muimbaji wa kwaya, akivua miwani polepole na kukuuliza: "Watu wote ndio akina nani?"

Maana kompyuta nazo zina lugha zake, na kila fundi ana anayoiapia. Java inajulikana kila pembe. Vyuo vinaifundisha, mabenki yanaipenda, na Uzoamaka hakuwa na ugomvi nayo. Lakini alipofungua kampuni yake mtaa wa New Haven, mjini Enugu, akaiita Udala, alichagua lugha iitwayo Elixir, ambayo mafundi wengi wa mji ule hawakuwahi hata kuisikia. Wala hakuichagua kwa madaha. Umeme wa Enugu unakatika upendavyo, mtandao nao unaufuata nyuma, na lugha ile ilikuwa na sifa moja aliyoipenda kuliko zote: kipande kimoja cha programu kikianguka, kinainuliwa papo hapo, na vingine vinaendelea na kazi bila habari. Kazi ambayo wengine wangeiwekea watu thelathini, Udala waliifanya wakiwa sita, na jioni wote sita walikwenda makwao kula.

"Watu sita," alipenda kujigamba, "na simu yangu hailii usiku. Nionyesheni mwingine anayelala kama mimi."

Haya, maringo ni matamu wateja wakiwepo. Mwaka ule kampuni kubwa za Lagos zilishuka Enugu na bei za kuvunja soko, wateja wa Udala wakaanza kuaga mmoja mmoja, kwa adabu, na shukrani nyingi. Ikabaki tegemeo moja tu: kazi ya Chifu Okwudili Anaekwe wa Nnewi, muuza spea za pikipiki mwenye maduka kutoka Nnewi hadi Kano. Chifu alitaka programu itakayomwambia saa yoyote pistoni gani iko duka gani. Wakiikosa kazi hiyo, Udala ingefungwa kabla ya Krismasi. Uzoamaka aliwaambia watu wake hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Ndipo akaja Ifeadi. Huyu alikuwa mpwa wa Chifu, amesoma London, na mambo yote ya kisasa ya mjomba wake yalipitia mikononi mwake. Alivaa suti hata Jumamosi.

"Madam Uzo, programu ya majaribio tumeipenda," alisema, akikaa bila kukaribishwa. "Ila iandikwe upya kwa Java."

Uzoamaka akavua miwani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ukigongwa na gari kesho, Mungu apishe mbali, mimi nitamwita nani? Nikipiga mluzi hapa barabarani, mafundi wa Java wanakuja mia. Nikipiga mluzi kwa hiyo lugha yako anakuja nani?"

"Wanakuja watu wangu."

"Watu wako? Chizaram yuko wapi?"

"Berlin."

"Na yule dada mwenye mwanya?"

"Toronto."

"Sasa unaona? Wewe huna kampuni, Madam. Una uwanja wa ndege."

Ogonna, mcheshi wa ofisi, alicheka kabla hajajizuia. Uzoamaka alimtupia jicho, naye akageuza kicheko kuwa kikohozi, kikohozi kirefu cha kujitetea.

Kilichomuuma Uzoamaka ni kwamba Ifeadi hakuwa anamwonea. Lugha ikiwa adimu hapa, huko nje inatafutwa kwa tochi. Yeye alichukua vijana kutoka chuo, akawafundisha, akawavumilia wakiharibu, na mara tu mtu alipoiva, ng'ambo ikamchuma. Uzoamaka mwenyewe ndiye aliyempeleka Chizaram uwanja wa ndege. Alimnunulia koti zito la baridi, akamkumbatia, akamwambia asiache kula, kisha akarudi kwenye gari akalia mpaka mlinzi akaja kumgongea kioo.

Ifeadi alipoondoka, walikaa wote kuzunguka meza.

"Madam, Java tunaijua," alisema Ogonna. "Tuiandike tu, tule. Tumbo halina lugha."

"Tutaiandika na nani? Kwa muda waliotupa, itabidi niajiri watu kumi na tano zaidi. Mkataba wote utaishia kwenye mishahara, na mwaka wa pili tutafunga tukiwa na kazi mkononi. Bora nife nikiwa na akili zangu."

"Twende kwa Chifu mwenyewe," alisema Lotanna.

Lotanna Mbah alikuwa mkono wake wa kulia. Miaka saba walikuwa pamoja, tangu Udala ilipokuwa chumba kimoja juu ya duka la mkate. Akiongea, Uzoamaka alisikiliza, ingawa siku hizi alimsikiliza kwa wasiwasi. Baada ya Pasaka kijana alimjia akamwambia anataka kutoka, asimame kwa miguu yake. Uzoamaka alimwambia asubiri, akamwongezea mshahara. Akaja tena, akaambiwa asubiri tena, akaongezewa tena. Tangu hapo hakusema kitu, na ukimya wa Lotanna ulimtisha Uzoamaka kuliko maneno ya Ifeadi. Huyu naye akiondoka, aliwaza, nusu ya kichwa changu imeondoka.

Alhamisi wakaenda Nnewi, Uzoamaka na Lotanna.

Chifu Okwudili aliwapokea kwenye chumba nyuma ya ghala lake, pale soko la Nkwo, kinachonuka grisi na mpira mpya. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia nyekundu ya cheo chake na sauti ya kumwita mtu upande wa pili wa bonde.

"Karibu, binti Ilodibe! Baba yako ndiye aliyeniuzia vitambaa vya harusi yangu. Mwizi mkubwa yule."

"Alituambia wewe ndiye uliyemlia hela, Chifu. Hukumaliza kulipa mpaka mtoto wa pili."

"Huyu ni binti yake kweli!" Chifu alicheka, akapiga paja. Akaletewa kokwa ya kola, ile ya kukaribishia wageni, akaiombea, akaivunja, wakatafuna.

Kisha Uzoamaka akapanga kompyuta zake mezani. Hii Nnewi, akasema, hii Aba, hii Kano. Zote zikawa zinauza na kuhesabu bidhaa mbele ya macho yao. "Sasa, Chifu, ua moja. Yoyote."

Mzee akachomoa Aba, betri na vyote. Nnewi na Kano zikaendelea kuuza kana kwamba Aba haijawahi kuwapo duniani. Alipoirudisha, Aba ikaamka na mauzo yake yote, haikupoteza hata nati.

"Tena!" alisema Chifu. Akaiua Kano. Akaziua mbili kwa pamoja. Alifurahi mno, mpaka Ifeadi, aliyekaa pembeni, akaanza kutazama saa.

"Basi," alisema mzee hatimaye, akijifuta jasho. "Pikipiki nzuri hii. Sasa niambie, spea zake ziko wapi?"

"Chifu?"

"Ifeadi ameshanieleza. Mafundi wa lugha hii hawapatikani. Binti yangu, mimi nina sheria moja tangu nianze biashara. Sinunui mashine ambayo spea zake hazipo Nkwo. Iwe inakimbia kama swala, siku ikiharibika ni chuma chakavu. Nipe ile mbaya inayotengenezwa kila kichochoro."

Ulimi wote ule wa Uzoamaka, jamani, ukakosa pa kushika. Spea zake zilikuwa Berlin na Toronto.

"Kuleni kwanza," alisema Chifu, kwa upole wa mtu aliyeshamaliza mazungumzo. Wakaletewa viazi vikuu na mafuta ya mawese yenye pilipili. Lotanna alikula kama aliyekwenda kwa ajili hiyo. Uzoamaka hakupitisha kitu. Alikaa akitazama ukuta, na ukutani zilijaa picha: kijana mbele ya duka, kijana mwingine mbele ya duka, mwingine, mwingine, wote wametabasamu, na kila duka lina kibao chake.

"Ni wanao, Chifu?"

"Wanagenzi wangu. Walinitumikia, wakamaliza, nikawafungulia maduka. Yule Awka. Yule Nsukka. Yule mwenye kitambi yuko Makurdi, sasa ana nyumba kubwa kuliko yangu, mshenzi yule." Alisema kwa fahari kubwa.

"Wote wanauza spea?"

"Za pikipiki moja tu. Hujaisikia hadithi hii? Baba yako hakukupa? Tulishusha kontena la pikipiki ambazo hakuna aliyezijua. Jina lake watu walishindwa hata kulitamka. Soko zima likanicheka. Fundi hakuna, spea hakuna, nani anunue? Zilikaa humu humu mpaka panya wakazalia kwenye viti."

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na vijana waliokaribia kumaliza miaka yao. Nikawafungua wote. Kila mmoja nikampa mtaji, nikampa spea za pikipiki ile, nikamtupa kwenye barabara yake. Mwendesha pikipiki akiharibikiwa Nsukka, anamkuta kijana wangu. Akiharibikiwa Makurdi, anamkuta kijana wangu. Baada ya muda ukitaka pikipiki nyingine, watu wanakuuliza, hiyo utaitengenezea wapi?" Akacheka mpaka kofia ikamteleza.

Uzoamaka aliweka sahani chini.

"Chifu, siku uliponunua kontena lile, spea zake zilikuwepo Nkwo?"

Kicheko kikakatika. Ifeadi akainua kichwa kutoka kwenye simu yake.

"Nimekuuliza kwa heshima," aliongeza Uzoamaka.

Uso wa Chifu ukafunguka. "Umenishika! Ifeadi, umesikia? Kanishika kwa mkia wangu mwenyewe."

"Mjomba, pikipiki na programu si kitu kimoja," alisema Ifeadi. "Vijana wako walikuwa na barabara. Wa kwake wana pasipoti."

"Hapo naye amesema." Mzee akamgeukia tena Uzoamaka, na safari hii hakuwa anatania. "Mimi niliwafungulia watu. Wewe umemfungulia nani?"

"Mimi nawalipa mishahara, Chifu. Mizuri. Wana mikataba, wana bima. Sisi si watu wa..." Alisita.

"Si watu wa sokoni. Malizia tu, sikasiriki. Umesoma, na watu wako wamesoma, ukaona mambo ya kutumikia na kufunguliwa ni ya sisi wa grisi. Sasa nisikilize. Unayemlipa mshahara, akishaiva, atakwenda wapi? Kwenye mshahara mkubwa zaidi. Na huo uko Ulaya, hauko Enugu. Uliwajengea mlango mmoja tu, nao wakatokea humo humo. Unawalaumia nini?"

Maneno yale yalimchoma Uzoamaka, na yalimchoma zaidi kwa sababu baba yake mwenyewe aliwafungulia watu sita maduka ya vitambaa pale Onitsha. Alikua akiona. Alikuwa mtoto wa kubeba soda kwenye sherehe zao. Na alipofungua biashara yake hakukumbuka hata mara moja, kwa kuwa ilikuwa na kompyuta.

Chifu alimnyooshea Lotanna kidole. "Wewe kijana, umekaa naye miaka mingapi?"

"Saba, Chifu."

"Na bado unambebea mabegi?"

Lotanna alitazama chini. Hakumsemea, hakumsengenya. Angeweza kusema pale pale kwamba aliomba akakataliwa, naye hakusema, na wema ule ndio uliommaliza Uzoamaka.

"Aliniomba kutoka," alisema Uzoamaka. "Mara mbili. Nilimwambia asubiri kwa sababu niliogopa. Bado naogopa, nikwambie ukweli. Lakini nitamfungulia."

"'Nita' zimejaa Nkwo nzima, hata mbuzi wanazo. Lini?"

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Uzoamaka aliinama. "Jumamosi ijayo. Hapa hapa Nnewi, ukitoka dukani kwako umwone."

"Na wewe utafanya kazi kwa lugha hii hii?" mzee alimuuliza Lotanna.

"Kwa ipi nyingine, Chifu? Ndiyo niliyofundishwa."

"Basi Jumamosi ijayo nitakuja na kalamu yangu. Nikikuta duka, natia saini. Nikikuta maneno, Ifeadi ataleta watu wake wa Java."

Njiani walisimama Ninth Mile wakanunua okpa ya moto, ile keki ya njugu mawe, wakaila ndani ya gari. Uzoamaka alitafuna kwa hasira.

"Ulijua ataniuliza vile?"

"Sikujua, Madam. Lakini nilifurahi."

"Nyamaza." Akatafuna tena. "Kwa nini hukwenda Berlin? Najua wanakupigia."

"Wanapiga kila mwezi. Madam, mimi mtu wa Agulu. Mama yangu akipika mchuzi wa majani machungu nataka nifike ungali wa moto. Nilitaka tu kuwa na kibao changu. Kule ningepata mshahara, kibao nisingepata."

Uzoamaka alifuta mafuta vidoleni, akawasha gari. "Chuo cha Awka," alisema, "kazi yao nakupa wewe."

Lotanna aligeuka. Chuo cha Awka kilikuwa mteja wao mzuri kuliko wote waliobaki. "Madam, hiyo ni nyingi."

"Baba yangu hakumfungulia mtu duka tupu. Usinitie aibu."

Usiku ule alijiuliza kama amerukwa na akili. Asubuhi alipoamka aliona hajarukwa, akaenda kutafuta chumba Nnewi.

Jumamosi chumba kilikuwa tayari: meza, kompyuta mbili mpya, betri za jua, na kibao chenye jina la Lotanna Mbah kilichopakwa rangi ya bluu ambayo Ogonna aliidharau hadharani. Wazazi wa Lotanna walikuja kutoka Agulu na tembo la mchikichi. Mama yake alianza kulia kabla hata sala haijaanza. Uzoamaka alisimama mbele ya watu. Lotanna akapiga magoti.

"Huyu amenitumikia miaka saba," alisema Uzoamaka. "Hakuniibia, hakunidanganya, na nilipokosea aliniambia. Leo namkabidhi mkoba wake. Kila utakachogusa mkono wake kikue. Atakayefundishwa naye, naye siku moja afunguliwe."

"Ise! Amina!" waliitikia wote, na Chifu kwa sauti kuliko wote.

Mzee alizunguka chumba, akagonga meza, akavuta waya mmoja kuona kama umechomekwa kweli. Akatoa kalamu. Kazi ya kuandika programu akaipa Udala, kwa Elixir, na saini akaitia juu ya meza ya Lotanna. Kisha akasema, kana kwamba ni jambo dogo: "Matengenezo atafanya huyu. Yuko karibu."

Matengenezo! Ndiko kwenye pesa ya miaka na miaka. Ogonna alimwangalia bosi wake, akingoja avue miwani. Uzoamaka aliigusa miwani, akaiacha puani.

"Ni sawa, Chifu," alisema. "Si ulitaka spea?"

Ifeadi alicheka kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akaja kumpa mkono. "Sasa nikipiga mluzi, anakuja mmoja," alisema.

"Subiri miaka michache. Utapiga mluzi ukimbie."

Jumatatu walianza kazi ya Chifu. Kiti cha Lotanna kilikuwa kitupu, na Uzoamaka alipita karibu nacho mara kadhaa akitaka kumuuliza mtu ambaye hayupo. Iliuma, wacha nisikudanganye. Ogonna alimjia na kahawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe.

"Madam, eti, miaka yangu mimi inahesabiwa tangu siku niliyoajiriwa, au tangu siku nilipoacha kuchelewa?"

"Tangu utakapoacha kuchelewa."

"Kumbe sijaanza!" Ofisi nzima ikacheka, lakini aliporudi kwenye kiti chake, Uzoamaka alimwona amevuta kompyuta karibu, anaandika kwa bidii ambayo mshahara haukuwahi kuinunua.

Mchana simu ikalia. Ilikuwa ya Berlin.

"Madam, shikamoo." Ilikuwa sauti ya Chizaram, ile ile, ila imechoka kidogo. "Lotanna amenitumia picha. Ana kibao!"

"Anacho. Cha bluu. Ogonna anasema ni kibaya."

"Ni kizuri sana," alisema Chizaram. Nyuma yake ilisikika treni ikipita. "Madam, nikuulize. Mimi nilikaa na wewe miaka minne. Ungenifungulia na mimi?"

Uzoamaka alitoka nje, akasimama kibarazani jenereta la jirani likinguruma. Angeweza kumwambia neno tamu. "Siku zile hapana," alisema. "Siku zile sikuwa hata na wazo hilo. Nilikununulia koti."

"Bado ninalo." Chizaram alicheka, kisha kicheko kikaisha. "Siku ile uwanjani, ungeniambia nibaki nitafunguliwa, Madam, haki ya Mungu nisingepanda ile ndege."

Uzoamaka alifumba macho. Neno lile lilimpata pale pale lilipokusudiwa, na alistahili. Kisha akatoa ile sauti yake ya kumtisha muuza duka na kuongoza kwaya.

"Miaka yako minne naihesabu, Chizaram. Imebaki mitatu ifike saba kama ya Lotanna. Kaduna hakuna mtu anayeijua lugha yetu, na Chifu ana maduka mawili kule; unaweza kuimalizia huko."

"Madam..."

"Sikulazimishi. Nakwambia tu sasa nilichopaswa kukwambia uwanjani. Koti liache huko huko, huku joto."

Akakata simu, akaingia ndani, akamwambia Ogonna atafute bei ya chumba Kaduna.